Kwa Nini Kona za Shumbwe Hazifanani

Wageni wetu, mmeniuliza kama mtapotea mkiutembea mji huu wa kale bila kiongozi. Hamtapotea. Kaeni kidogo niwaeleze sababu.

Zamani kuta za Shumbwe zilikuwa tupu. Wenyeji walizipaka chokaa nyeupe, zote sawasawa, na vichochoro vilifanana mno hata mzaliwa wa humo alihitaji macho makali kila kona. Mgeni alishikwa mkono tangu langoni mpaka alikokwenda.

Humo aliishi Bi Mize, msusi wa mikeka, pamoja na binti yake wa pekee, Mwatime. Macho ya Bi Mize yalififia taratibu hadi yakazimika kabisa, ikawa Mwatime ndiye wa kumwongoza kisimani, sokoni, na kwa dada yake aliyekaa karibu na lango. Kisha Mwatime akaposwa na kijana wa mji wa jirani. Alimpenda, lakini alikataa. Waposaji walirudi, akakataa tena, na safari hii mama yake aliyasikia yote kutoka chumbani.

"Mwanangu," alimwambia, "macho yangu kayachukua Mungu. Miguu yako kaifunga nani?"

Bi Mize akawatumia waposaji salamu kwamba wangoje, akaanza kujifunza kutembea peke yake kwa kupapasa kuta. Lakini kuta zilikuwa laini, hazikumwambia kitu, na kila siku alirudishwa nyumbani na wapita njia.

Majirani walimwonea huruma. Mmoja wao alitoboa kona ya nyumba yake, akapachika bakuli la kaure, ili Bi Mize akiligusa ajue alipofika. Bakuli lilipendeza. Jirani wa pili hakukubali kushindwa, akapachika lake. Wa tatu naye vivyo hivyo. Haukupita muda mji mzima ukawa na mabakuli ya namna moja, na kila mwenye nyumba akijisifu kuwa amemsaidia Bi Mize.

Asubuhi moja Bi Mize aligusa bakuli, akaingia ndani, akavua viatu, akaketi kitandani. Kitanda kilikuwa cha Mzee Shekue, mgane wa mtaa wa pili.

"Bi Mize," alisema mzee, "kama umekuja kuniposa, ungebisha hodi kwanza."

Waliokuwa nje walicheka sana. Bi Mize naye alicheka, kisha machozi yakamtoka.

"Nawashukuru, jamani," alisema. "Lakini nyumba zote mmezivisha sare, kama wanawake wa harusini. Nitaijuaje yangu?"

Watu waliona haya, wakarudi kazini. Mhunzi alibandua bakuli lake akapigilia msumari wa kichwa kinene. Mchonga milango alichonga ua. Mzee Shekue aliweka kombe la pwani. Mjane mmoja asiyekuwa na kitu alipaka chokaa mbichi, akaikandamiza kwa kiganja. Bi Mize alipofika hapo alitia mkono wake ndani ya ile alama, akasimama kitambo, kama mtu anayesalimiwa.

Siku moja Mwatime aliamka, mama hayupo. Alimtafuta kila kichochoro, akiita, mpaka akafika kwa mama yake mkubwa karibu na lango. Akamkuta Bi Mize amejikalia, anasuka mkeka mpya.

"Mama, nani kakuleta?"

"Mji mzima umenileta, na kila kona nimeiambia ahsante. Mkeka huu ni wa nyumbani kwako, mwanangu. Waambie wenzako waje."

Waposaji walikuja, wakakubaliwa.

Na tangu siku hiyo hakuna kona mbili za Shumbwe zinazofanana, wala hatumshiki mgeni mkono. Nanyi nendeni, mpapase kuta. Mkitukuta wenyeji tunanong'ona tukipita penye nyumba ambazo wenyewe walikwisha kufa, msidhani tumerukwa na akili. Tunawashukuru.