Jiwe la Vifungo Sebuleni kwa Badi

Jiwe la vifungo halichemshwi. Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu, anayetaka kwenda kufoka ukweni kabla hajauliza kisa, nanyi mkacheka. Haya, chekeni mmalize, kisha mnisikilize. Msemo huu una chanzo chake, nami nilikiona kwa macho yangu, mtaani kwetu Tanga.

Jirani yetu Badi alikuwa na tangi la samaki sebuleni, la maji ya bahari. Ndani yake mlikuwa na jiwe lililoota matumbawe laini ya kahawia, mviringo kama vifungo vya koti, kila moja na kinywa katikati na vijinywele pembezoni. Ukiyagusa, yanajikunja. Aliyempa alimwonya kwamba yana sumu kali: asiyashike kwa mikono mitupu, asiyasugue, na jiwe lake asilitie kabisa kwenye maji ya moto, maana mvuke wake hubeba sumu. Badi akatii. Kila alipotia mkono tangini alivaa glavu na miwani. Ila nyumbani hakumwambia mtu. Wanaume wengine hunyamaza hata pasipo na siri.

Mkewe, Mwanakheri, akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya arobaini, mtoto anapotolewa nje na wageni kuja, mama yake Badi, Bi Mishi, alishika usafi wa nyumba. Kwake yeye kitu hakijatakata mpaka kichemshwe. Alichemsha vikombe, vijiko na nguo za mtoto. Alipoliona lile jiwe, akadhani limeota ukurutu. Akaliopoa tangini, akalitia kwenye sufuria ya maji, akawasha gesi. Mimi nilikuwa uani namenya vitunguu.

Badi alirudi kutoka sokoni. Alipofika mlangoni tu, akahisi ladha chungu ya chuma ulimini. Akamsikia mama yake akikohoa jikoni.

"Mama, unachemsha nini?"

"Si lile jiwe lako lenye ukurutu! Wageni wata..." Kikohozi kikamkatiza.

"Tokeni! Tokeni nyote! Mwanakheri, mtoto!"

Akajiziba pua kwa kanzu, akafunga gesi kwenye mtungi bila kuigusa sufuria, akamkokota mama yake mpaka nje. Mwanakheri akatoka chumbani amemkumbatia mwanawe. Mtoto alikuwa anakohoa, midomo imepauka. Niliogopa, wajukuu zangu, nikaacha vitunguu nikakimbia kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Garini, njia nzima, Mwanakheri aliweka shavu lake puani pa mwanawe, asikie kama bado anapumua.

Hospitalini Badi alimweleza daktari kila kitu kuhusu lile jiwe. Bi Mishi akawekewa oksijeni, akitetemeka kwa homa. Mtoto akapelekwa chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Tukakaa. Alasiri tukasikia kilio: mtoto anataka ziwa. Mwanakheri akamnyonyesha huku machozi yakimtiririka.

Bi Mishi alipopata sauti, alisema, "Nilikuwa namuua mjukuu wangu kwa usafi."

"Kosa ni langu, mama. Nilileta sumu ndani, nikanyamaza."

"Na mimi nina mdomo, mbona sikuuliza?" Akavuta pumzi kwa taabu. "Kawaambie watu mtaani, mwanangu. Wasije wakasema Bi Mishi aliugua malaria. Waambie jiwe la vifungo halichemshwi."

Basi tukaambizana, na mpaka leo anayekimbilia moto kabla ya kuuliza huambiwa hivyo hivyo: jiwe la vifungo halichemshwi.