Mlinzi wa Waridi la Jangwani

Tegeni masikio, jamani. Zimwi lilikausha kisima cha kijiji, likacheka: "Maji yatarudi siku waridi la jangwani litakapochanua hapa!"

Mjane mmoja, Bi Mwanasha, akapanda mbegu tatu mchangani. Mche wa kwanza ukaliwa na viwavi. Wa pili nao ukaliwa na viwavi. Ulipochipua wa tatu, kando yake alimwona vunjajungu amenasa kwenye utando wa buibui.

"Muue, atakuvunjia vyungu!" majirani wakasema.

"Vyungu vyenyewe vikavu," akajibu, akamnasua.

Vunjajungu akanena: "Bibi, mche huu niachie mimi." Akawala viwavi mmoja mmoja, hata ua likachanua, jekundu. Kisima kikabubujika.

Watu wakakimbilia maji. Bi Mwanasha alipiga magoti penye mche, machozi yakimtoka. "Ahsante, mwanangu," akamwambia vunjajungu.

Kisa kimetua hapo. Nasi tunaokunywa, tushukuru.