Bango la Mzee Anyosisye

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi yetu Tusajigwe, mwezi Agosti mwaka 2019, nyumbani kwa kaka yake mkubwa huko Tukuyu, kwenye matanga yasiyokuwa na jeneza. Kimeandikwa hapa kama alivyokisema. Atakayekipeleka kwa wengine asiongeze neno wala asipunguze.

Walikuwa ndugu watatu wa tumbo moja. Mkubwa, Mzee Ambakisye, alikuwa mwenyekiti wa ukoo. Wa pili, Mzee Anyosisye, alikuwa mgane, mtu mpole, na miaka hiyo kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Aliweza kukusalimu vizuri kabisa, kisha baada ya muda mfupi akakusalimu tena kama mtu aliyekukuta sasa hivi. Wa tatu ni Tusajigwe mwenyewe, aliyeolewa Kyela.

Mzee Ambakisye na dada yake walikuwa hawasemeshani. Chanzo kilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa Tusajigwe kabla ya harusi. Mshereheshaji alipomwita msemaji wa familia, jina lililosomwa lilikuwa la Anyosisye, kwa kuwa binti ndivyo alivyoomba. Anyosisye alisema maneno machache, ukumbi ukapiga vigelegele. Ambakisye aliondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo, simu ya dada yake ilipoita, aliitazama mpaka ikanyamaza yenyewe.

Mwezi Mei, Mzee Anyosisye alitoka nyumbani asubuhi kwenda kununua chumvi, hakurudi. Kuna mtu alimwona akipanda basi la Mbeya. Mbeya hakuwa na ndugu wala rafiki.

Familia ilimtafuta hospitalini na makanisani, ikatoa taarifa polisi. Hakupatikana. Ndipo Mzee Ambakisye akaamua litengenezwe bango, litundikwe stendi ya mabasi ya Mbeya, mahali ambapo kila anayeingia mjini atamwona ndugu yake.

Alikwenda kwenye duka la kuchapisha, simu mkononi. Kwenye kompyuta alimkuta binti aitwaye Bupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndugu yangu amepotea. Nataka bango. Picha ni hii."

Ilikuwa picha ya sendofu. Ilikuwa imetumwa kwenye kundi la familia, ikapakuliwa, ikatumwa kundi jingine, na kila ilikopita ilipunguzwa ukubwa ili isimalize bando la intaneti la mtu. Iliyomfikia mzee ilikuwa ndogo mno. Anyosisye alionekana katikati ya watu wengi, na mzee alikuwa amemkata kutoka humo, uso na mabega tu.

Bupe aliivuta kwenye skrini. Uso ukageuka vijumba vijumba vya rangi.

"Mzee, hii ni ya kutazama kwenye simu. Tukiichapisha kwenye karatasi ndogo, ya kushika mkononi, inatosha, hata hili kovu la juu ya jicho linaonekana. Nikiikuza mpaka ijaze bango, uso utapotea."

"Karatasi ya mkononi? Kwani nimepotelewa na kuku?"

Bupe alicheka. Akaona mzee hacheki, akaacha.

"Basi tutafute ile yenyewe, iliyotoka kwenye kamera. Mwenye shughuli lazima anayo."

Mwenye shughuli alikuwa Tusajigwe. Mzee alitazama mlangoni.

"Mwenye shughuli hapatikani," alisema.

"Hata kwa simu?"

"Binti, nimekwambia hapatikani. Hiyo kompyuta ina kazi gani? Wagombea ubunge wanajaa kwenye mabango mpaka masikio yanatoka nje, ndugu yangu ndiye asijae?"

Bupe alifanya alivyoagizwa. Picha ilikuwa nyembamba na bango lilikuwa pana, naye mzee hakutaka nafasi tupu pembeni, kwa hiyo Bupe aliivuta ubavuni mpaka mashavu yakajaa. Uso ulikuwa na chenga, akaulainisha kwa programu. Ulipolainika, mikunjo iliondoka. Kovu la juu ya jicho la kushoto, ambalo Anyosisye alilipata utotoni kwa jembe la kaka yake huyohuyo, nalo liliondoka.

Mzee Ambakisye aliinama kwenye skrini, akaridhika.

"Naam. Sasa anaonekana mtu wa maana."

Bango lilitundikwa, namba ya simu ya Mzee Ambakisye chini ya picha. Ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara lilipendeza. Walilipiga picha wakaituma kwenye kundi la familia, na pale kwenye kioo kidogo cha simu ule uso ulirudi kufanana na wa Anyosisye. Watu wakaandika, "Hongera mwenyekiti." Aliyeshtuka ni mke wa Mzee Ambakisye peke yake, siku hiyohiyo aliposimama chini ya bango.

"Baba Lusekelo, huyu kweli ni shemeji?"

"Ni yeye. Wewe umezoea kumwona ana njaa."

Juni ikapita bila simu. Ikaja Julai, na waliowahi kukaa Mbeya wanaijua Julai yake. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Simu haikuita, isipokuwa ya Tusajigwe, ambayo haikupokelewa.

Mwanzoni mwa Agosti Tusajigwe alichoka kusubiri. Alimwendea mpigapicha wa sendofu, akapewa picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Akaisafisha kwa saizi ya kadi, akapanda basi hadi Mbeya, akaanza kuwaonyesha watu wa stendi mmoja mmoja.

Chini ya bango palikuwa na meza ya chai ya mwanamke aitwaye Mama Ikupa. Alifuta mikono kwenye khanga, akaipokea ile kadi. Uso wake ukachangamka.

"Eh! Babu wa Bango! Tena kwenye suti! Kumbe babu alikuwa mtanashati hivi?"

"Nani?" Tusajigwe aliuliza.

"Si babu yetu wa hapa. Alikuwa anakaa pale kwenye nguzo, bango linamkinga upepo, ndiyo maana tukamwita hivyo. Kovu lake hili hapa. Ukimpa chai anakusalimu, akimaliza kikombe anakusalimu tena. Kwani wewe ni nani yake?"

Tusajigwe alinyoosha kidole juu, kwenye bango.

"Na yule ni nani?"

"Yule? Tajiri mmoja, wanasema amepotea. Wapigadebe walimtania sana babu. 'Babu, huyo bosi akipatikana, wewe mlinzi wake utaomba nini?'"

"Yeye alijibuje?"

"Siku moja alisimama, akamwangalia yule mtu kwa muda mrefu. Tukadhani labda anamfahamu. Akasema, 'Simjui. Lakini ana ndugu wanaompenda. Oneni bango lake lilivyo kubwa.'"

"Mama, huyo babu yuko wapi sasa?"

Mama Ikupa aliitazama kadi, akamtazama mgeni wake, kisha akainua macho kwenye bango. Hapo ndipo alipoelewa. Alimshika mkono akamkalisha kwenye benchi.

"Dada yangu, nisamehe. Namba ya simu ilikuwa juu ya vichwa vyetu muda wote. Tungejuaje? Ile baridi ya mwezi uliopita ndiyo ilimchukua. Tulimkuta asubuhi ameegemea nguzo yake. Hakuwa na kitambulisho. Alizikwa na halmashauri."

Tusajigwe alikwenda Tukuyu siku hiyohiyo. Hakubisha hodi. Aliiweka kadi mezani mbele ya kaka yake, akamweleza yote aliyoyasikia, hata maneno ya Anyosisye kuhusu bango.

Mzee Ambakisye aliisogeza kadi karibu na macho. Kila kitu kilikuwemo: mikunjo, kovu, kifungo kimoja cha shati kilichosahauliwa.

"Ungenitumia hii," alisema.

"Ungepokea simu, kaka."

Walikwenda Mbeya pamoja kuomba waonyeshwe kaburi. Walioonyeshwa ni mstari wa makaburi ya wasiojulikana, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika la Anyosisye ni lipi. Mchungaji waliyekwenda naye aliombea mstari mzima. Mzee Ambakisye aliutembea tangu mwanzo hadi mwisho akiweka ua kwenye kila kaburi, na maua yalipokwisha alirudi kununua mengine.

Baada ya kisa hiki kusimuliwa, Mzee Ambakisye alifariki mwaka 2021. Mke wake alimfuata mwaka mmoja baadaye. Mama Ikupa yu hai na bado anauza chai. Bupe yu hai, ameolewa Songwe. Shangazi Tusajigwe yu hai, yuko Kyela.

Funzo: Kabla hujautangazia mji mzima kwamba unamtafuta ndugu yako, mpigie kwanza ndugu uliyemnunia, kwa maana huenda sura kamili ya unayemtafuta iko kwake.