Mwulize Aliyezima Redio

"Anayekupigia makofi usimwulize, mwulize aliyezima redio." Ndivyo mwalimu wenu alivyowaambia asubuhi, nanyi mmekuja kuniuliza methali hiyo ni ya kabila gani. Si ya kabila lolote. Ni changa kuliko hili koti nililovaa. Ilizaliwa hapahapa chuoni, mimi nikiwapo, na chanzo chake ni hiki nitakachowasimulia.

Wakati huo nilikuwa fundi mitambo wa redio ya chuo. Redio yenyewe ilikuwa ndogo: chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuua mwangwi, mashine mbili za kanda, na mnara mfupi uliofikisha sauti kwenye mabonde matatu. Bonde la nne lilipata mikwaruzo tu. Wanafunzi wa mwaka wa pili walitengeneza vipindi, kila mmoja chake, na kipindi hicho ndicho kilichomfaulisha mtu au kumwangusha.

Miongoni mwao alikuwapo binti mmoja kutoka Newala, jina lake Somoe Chilumba. Kutoka Newala hadi huku Rungwe ilikuwa safari ya siku tatu. Alifika na nguo nyepesi za kwao, akaikuta mvua yetu hii isiyojua kuchoka. Wenzake wengi walikuwa wa huku huku. Ijumaa walikwenda makwao, na siku nyingine walipiga soga kwa Kinyakyusa kwenye veranda, wakacheka, naye akacheka nao bila kujua kilichochekwa. Jumamosi nilipokuja kusafisha mashine nilimkuta ameketi studio, amevaa spika za masikioni, na hakuna kanda inayozunguka.

Siku moja nikamwuliza, "Unasikiliza nini, Somoe?"

"Sisikilizi kitu, Baba Tusa," akajibu. "Humu kuna joto kidogo."

Alilelewa na bibi yake. Katika mwaka wake wa kwanza hapa ilifika barua kwamba bibi ameugua, akafariki, na barua inaandikwa siku ya nane baada ya mazishi. Alinionyesha barua ile, akaikunja, akaenda darasani. Sikumwona akilia, wala sijui alilia wapi, maana bwenini walilala kumi na wawili.

Basi ulipofika wakati wa kuchagua vipindi, Somoe alisema chake kitakuwa cha wazee. Jambo lenyewe lilikuwa la maana. Vijana wa vijiji hivi walikuwa wamekwenda Mbeya, Dar es Salaam, wengine Chunya kwenye dhahabu, na katika nyumba nyingi alibaki mtu mmoja mwenye mvi. Akakiita kipindi "Kwa Wazee Wetu," kirushwe kila Jumatano saa kumi alasiri.

Alikifanyia kazi kama mtu anayejenga kaburi la mpenzi wake. Aliandika maneno usiku na mchana, akayapamba: "Enyi wazee wetu mlioachwa katika upweke, ninyi ni hazina, ninyi ni mizizi ya taifa." Chini ya maneno hayo ulipita muziki wa zeze kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulipokisikiliza darasani kwa mara ya kwanza, msichana mmoja alilia, na darasa zima likasimama na kupiga makofi. Na mimi nilipiga, nisiwafiche. Muziki ule niliuchagua mimi.

Mwisho wa kipindi Somoe alisoma namba ya simu ya studio, akawaomba wasikilizaji wapige. Kisha aliketi kando ya simu, mikono mapajani, akingoja. Wiki ya kwanza haikulia. Ya pili haikulia. Ya tatu ililia, akainyakua kabla mlio haujakatika. Aliyepiga alikuwa mtu anayetafuta ofisi ya mbolea. Ikapita ya nne, ya tano, ya sita. Kila Jumatano nilizima taa nyekundu ya hewani na kumwacha amekaa palepale.

Wiki ya saba mwalimu wao, Mwalimu Mwaisumo, alitangaza kwamba kila mwanafunzi alete maoni ya wasikilizaji wake. Atakayekosa, kipindi chake kitaondolewa hewani na hatahitimu mwaka ule. Somoe akachapa karatasi arobaini za dodoso, akazigawa kwenye bwalo la chakula. Zote zilirudi zikisema "nzuri sana." Akazipeleka kwa mwalimu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu afike.

Mwalimu alizipitia zote, hakuruka hata moja. Kisha akauliza, "Hawa waliojaza wana umri gani?"

"Ishirini, Mwalimu. Ishirini na moja."

"Na kipindi ni cha nani?"

Somoe akatazama zile karatasi.

"Hawa ni rafiki zako," mwalimu akasema, na hakusema kwa ukali. "Wanakupenda. Mtu anayekupenda atakuambia nini?" Akamrudishia karatasi zake, akamwongezea muda.

Jumatano iliyofuata Somoe hakuja studio. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa, kwa hiyo nilikirusha mwenyewe. Yeye alikuwa ameshuka kwa miguu hadi kijiji cha bonde la kwanza, kwenye mvua, apite nyumba kwa nyumba saa kumi ileile aone nani anamsikiliza. Haya yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ilikuwa ya bati, imezungukwa na migomba, na alipoikaribia alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka dirishani. Alisema mwili ulimsisimka. Wiki saba alikuwa anasema na ukuta wa trei za mayai, na kumbe alikuwamo ndani ya nyumba ya mtu! Akaharakisha. Alikuwa hajafika hata kwenye ngazi aliposikia: tap. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Alisimama uani, mvua ikimpiga. Alingoja, pengine betri zimelegea, pengine mtu anazigeuza. Haikuwaka. Akawaza kurudi chuoni na kusema hakumkuta mtu, nani angejua? Lakini miguu, alisema, haikukubali. Akapiga hodi.

Ndani alikuwamo bibi mmoja anamenya ndizi, redio iko pembeni yake juu ya kigoda. Aliitwa Bibi Atuganile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile," bibi akaongeza salamu ya Kinyakyusa. "Ingia, umelowa kama kifaranga."

Somoe akaingia, akapewa kanga ajifute. Kisha akauliza, "Bibi, nimesikia redio ikisema nikiwa njiani. Mbona umeizima?"

"Ile ya chuoni? Kila Jumatano naifungua, kila Jumatano naizima."

"Kwa nini?"

"Kwanza, wanapiga zeze juu ya kichwa cha anayesema. Masikio yangu ni ya zamani, hayawezi kuchambua. Halafu huyo binti anakimbia. Anafukuzwa na nani?" Bibi akaweka ndizi moja kwenye sufuria ya maji. "Ningevumilia hayo. Lakini anatusema kama marehemu."

"Kama marehemu?"

"Hazina, mizizi, sijui nguzo. Hujasikia wasifu ukisomwa msibani? Hayo ni maneno ya mtu aliyelala kwenye jeneza. Tena kila mara ananiambia nimeachwa. Mwanangu, nalala peke yangu, naamka peke yangu, napika sufuria hii na nusu yake namwaga. Unafikiri nangoja redio iniambie kwamba nimeachwa?"

Somoe akavuta kigoda cha pili, akaketi. Aliokota kisu kingine, akaanza kumenya ndizi ili apate pa kuangalia. Wakamenya hivyo kwa muda, mvua inanguruma juu ya bati.

Mwishowe akasema, "Bibi, binti huyo ni mimi."

Bibi Atuganile akamtazama. Hakuomba radhi. Alisema, "Basi mbona hapa unaongea vizuri?"

"Wewe ungependa nikuambie nini redioni, Bibi?"

"Usiniambie kitu. Niulize. Tangu mwanangu wa mwisho aondoke, hakuna aliyeniuliza neno lolote isipokuwa kama nimekunywa dawa. Najua mambo mengi mimi. Nitakufa nayo."

Somoe alirudi chuoni jioni ile ametota, akanikuta nafunga mlango. Akasema, "Baba Tusa, tunatoa muziki."

"Wote?"

"Wote. Na nitasoma moja kwa moja hewani, bila kanda."

Niliumia kidogo kwa ajili ya zeze langu. Wenzake waliumia zaidi. Waliposikia maneno mapya darasani walisema kipindi kimeharibika, kimekuwa kama mazungumzo ya kisimani. Yule msichana aliyelia mara ya kwanza alimwambia, "Ulikuwa na kitu kizuri, Somoe, umekivunja." Hakuna aliyepiga makofi siku ile. Wachache waliokuwa wakikaa naye mezani nao wakahama, na kwa siku kadhaa nilimwona akila peke yake kwenye kona ya bwalo.

Jumatano ikafika. Nikawasha taa nyekundu. Somoe akasogea kwenye maikrofoni, akasema taratibu, kila neno peke yake: "Shikamooni. Naitwa Somoe. Nimelelewa na bibi, na bibi amefariki. Kuna jambo sikuwahi kumwuliza. Zamani, kabla ya dawa za dukani, mbegu za maharage mlizihifadhi na nini zisibunguliwe?"

Kisha akanyamaza. Hewani, jamani! Ukimya hewani kwa fundi mitambo ni kama moto jikoni. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye kanda ya muziki. Simu ikalia.

Alikuwa mzee wa bonde la pili. "Majivu, binti," akasema. "Lakini si majivu ya kuni zozote." Akataja mti, akaeleza. Hajamaliza kupumua simu ikalia tena, mama mmoja anasema mzee huyo amekosea. Siku ile zilipigwa simu nne. Kipindi kilipokwisha Somoe alirudisha mkono wa simu mahali pake, akabaki ameushika vilevile, kama mtu aliyemshika mwenzake bega.

Bibi Atuganile hakuwa na simu, kwa hiyo Alhamisi Somoe alishuka tena bondeni kumwuliza.

"Nilisikiliza," bibi akasema. "Yule wa majivu ni mwongo. Namjua tangu tukiwa vijana."

"Kwa hiyo hukuzima?"

"Nilizima."

Somoe akamsogelea. "Wapi, Bibi?"

"Mwishoni, ulipoanza kuaga." Bibi akaonyesha mlango kwa kidevu. "Wanangu watano wamesimama hapo wakaniaga. Wote waliaga vizuri sana. Mimi sipendi kuagwa."

Tangu wiki ile kipindi cha Somoe hakikuwa na kwaheri. Kilimalizika kwa swali, la kuzungumzwa nyumbani mpaka Jumatano nyingine, kisha mimi nikarusha jina la kituo tu. Mwisho wa mwaka wakaguzi walipokuja, mmoja wao alishangaa. "Hiki kipindi kimekatika," alisema mbele ya ukumbi mzima. "Hamkufundishwa kumuaga msikilizaji? Ulipokea maoni ya nani?"

Somoe akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wa nyuma walilazimika kuinama mbele. "Mwanzo niliwauliza walionipigia makofi," akasema, "wakaniambia kizuri. Kisha nikamwuliza aliyezima redio. Ndiye aliyenifundisha."

Akaeleza yote, kama nilivyowaeleza. Alipomaliza, Mwalimu Mwaisumo alisimama. Alikwenda ubaoni, akayaandika maneno yale kwa chaki, akayanyoosha kidogo yawe na mwendo wa methali. Mwaka uliofuata wanafunzi waliyakuta. Baadaye nikayasikia kwa mpishi wa bwalo, aliyekuwa akitazama sahani zilizorudi na chakula. Nikaja kuyasikia kwa mchungaji kanisani. Sasa mnayasikia nyinyi.

Mnataka kujua Somoe aliishia wapi? Alifaulu. Alipata kazi mbali, na sijui kama aliwahi kurudi huku. Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku hadi barabarani, lakini kwanza alipita kwa Bibi Atuganile, nami nikangoja nje kwenye migomba, mlango ukiwa wazi. Aliketi kwenye kigoda cha pili, akachukua kisu, wakamenya ndizi. Mimi nilikuwa natazama saa. Basi lilipokaribia nilikohoa, naye akanisikia.

Akamwuliza bibi swali. Lilikuwa la mvua, kwamba zamani mlijuaje kama itawahi au itachelewa. Bibi Atuganile akaanza kujibu, macho yake kwenye sufuria. Somoe akaweka kisu chini polepole, akasimama, akatoka mlangoni bila neno. Alitembea mbele yangu hadi barabarani na hakugeuka. Nyuma yetu bibi alikuwa bado anajibu, sauti haikutetereka, wala haikuharakisha, na nina hakika alijua kwamba kigoda cha pili kilikuwa kitupu.

Ndiyo maana tunasema, wanangu: anayekupigia makofi usimwulize, mwulize aliyezima redio.