Bega la Nguruwe Jikoni kwa Atuganile

Nyama ikiiva, mfupa hauvutwi. Ndivyo alivyosema yule mama pale mashineni tulipokwenda kusaga, nanyi mkatazamana, mkacheka, kisha njia nzima mkawa mnaniuliza ni mfupa gani na nyama ya nani. Haya, kaeni. Methali hii si ya kale kama mnavyodhani. Ilianza hivi, huko Tukuyu, jikoni kwa mwanamke aliyeitwa Atuganile.

Atuganile alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Gwakisa, mpishi katika mgahawa mmoja mjini Mbeya. Gwakisa alikuwa ameoa, na mkewe, Bupe, alikuwa na mimba iliyokaribia kutimia. Kijiji kizima kilijua, maana Atuganile hakuwa mtu wa kuficha furaha. Alikuwa amefuma kofia na soksi za sufu, akazitundika ukutani, na kila aliyepita kwake alionyeshwa.

Asubuhi moja ya mvua Gwakisa akatokea mlangoni, amelowa chapachapa, begi mgongoni, kwapani chungu cha umeme cha kupikia polepole, alichokifunga kwa kanga ya mkewe. Alikuwa peke yake.

"Bupe hajambo?" mama akauliza hata kabla ya kumkaribisha.

"Yupo."

"Yupo ndiyo nini, mwanangu? Hajambo, au ana jambo?"

"Yupo kwa dada yake, mama. Naomba maji ninawe."

Moyo wa Atuganile ukashtuka. Mtu hasemi "yupo" akiulizwa hali ya mkewe mjamzito. Akampa maji, akampa chai, akampa ndizi za kuchemsha. Gwakisa akanywa chai nusu kikombe, ndizi akaziacha zikapoa. Kutwa alikaa kwenye kigoda akitazama matone yanavyodondoka toka kwenye bati.

Mama akauliza wakati wa kufagia. Akauliza wakati wa kukoka moto. Mmegombana? Umefukuzwa kazi? Amekuibia mtu? Kila alipouliza, Gwakisa alijibu "Hapana, mama," na kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Mama akampigia Bupe simu kwa kificho, nyuma ya nyumba, simu haikupatikana. Usingizi ukamkimbia.

Kesho yake Gwakisa akatoka bila kuaga, na kabla mama hajamaliza kujiuliza alikokwenda, akarudi na bega zima la nguruwe na chupa ya soda nyeusi.

"Leo nitapika mimi," akasema.

Atuganile akafurahi kidogo. Mtu anayetaka kupika, alijiambia, bado anataka kuishi. Akamtazama mwanawe akiipaka ile nyama chumvi, pilipili na vitunguu saumu, akiilaza chunguni juu ya vitunguu maji. Kisha Gwakisa akaimiminia soda. Povu likapanda, likatulia.

"Soda kwenye nyama! Utaniharibia kitoweo."

"Haiharibiki hiyo, mama. Inalainika, na utamu unaingia mpaka ndani. Ila inapikwa kwa moto mdogo, kutwa nzima. Na chungu hakifunuliwi ovyo."

Lakini Atuganile alikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi mikono yake haitulii. Gwakisa alipogeuka tu, alifunua. Mvuke wote ukampiga usoni. Akachoma nyama kwa uma, akaushika mfupa na kuuvuta. Nyama ikaung'ang'ania kama mtoto aliyeshika mgongo wa mama. Akafunika. Baada ya kitambo akafunua tena. Na hapohapo, mfuniko bado mkononi, lile lililokuwa likimkereketa kooni likamponyoka:

"Bupe amekuacha, sivyo? Niambie! Mimi si mama yako? Nimekosa nini hata unifiche?"

Gwakisa akasimama. Akatoka mvuani, akaingia migombani, akapotea.

Mwanzoni Atuganile aliona hasira. Halafu hofu ikaja, ikaifukuza hasira. Alikumbuka kijana wa jirani aliyekaa kimya vivyo hivyo, na jinsi alivyookotwa amekufa. Akatoka mbio bila viatu. "Gwakisa! Gwakisa we!" Migomba ikamjibu kwa kumwaga maji. Akateleza, akaanguka kwa magoti, akainuka. Alikuwa akimwomba Mungu na kumlaumu kwa pumzi moja.

Akamkuta nyuma ya banda la nguruwe, amechuchumaa, ameegemea nguzo, uso ameuficha mikononi. Mzima.

Maswali yote yalikuwa yamejaa mdomoni mwa Atuganile. Alitaka kumtikisa. Akaona mabega ya mwanawe yanavyopanda na kushuka, naye kwa mara ya kwanza tangu Gwakisa afike akaumeza ulimi wake.

"Njoo ndani, baba," akasema. "Kuna baridi."

Wakarudi. Akampa shuka kavu. Akaketi mkabala naye, chungu kikiwa katikati yao, mikono yake akaikalia ili isiguse mfuniko. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Mara mbili mdomo ulifunguka, mara mbili akaufunga. Mvua ikapungua. Harufu ikaanza kubadilika. Ile ya soda ikapotea, ikaja harufu nzito, tamu, ikajaa nyumba.

"Bado?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Ikiiva utajua, mama. Hutauvuta mfupa. Utajiachia wenyewe."

Jua lilipoanza kuelekea magharibi, Gwakisa akafunua. Akaushika mfupa kwa vidole viwili, ukatoka mweupe, mkavu, bila hata uzi wa nyama. Akaanza kuichambua kwa uma mbili, nyuzinyuzi, taratibu. Halafu mikono ikasimama.

"Bupe aliipenda sana hii," akasema. "Mimba yote alikuwa akinituma nimpikie hii tu." Mama akazidi kuikalia mikono yake. "Mtoto alizaliwa hapumui, mama. Wa kiume. Tumemzika. Bupe alikuwa ananitazama kitandani kama anayeniuliza kwa nini. Nikampeleka kwa dada yake, nikamwambia naja huku kukuarifu. Nimefika, nikaziona zile soksi ukutani. Nikashindwa."

Atuganile hakupiga yowe. Alimvuta mwanawe kifuani, wakalia pamoja.

Walipokwisha kulia, Atuganile akajifuta uso kwa upande wa kanga, akainuka. Akachukua hotpoti yake kubwa, akapakua nyama yote humo.

"Mama, hujala."

"Nitakula na mkwe wangu. Vaa viatu, gari la Mbeya halijapita."

Bupe walimkuta amelala, amegeukia ukutani. Dada yake alinong'ona kwamba hasemi na mtu, na kila anayekuja kumpa pole anamuuliza ilikuwaje. Atuganile hakuuliza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamsugua miguu, akamwekea sahani karibu. Gwakisa alikaa sakafuni, kichwa chake kwenye godoro. Walikaa hivyo mpaka Bupe alipogeuka mwenyewe, akaonja nyama kidogo kwa vidole, akamwangalia mumewe.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Uliziona?"

"Niliziona," Gwakisa akajibu.

Bupe akaendelea kusema, naye mumewe akajibu, na Atuganile akatoka nje polepole, akaurudisha mlango.

Dada yake Bupe akamfuata uani. "Mama, mimi nimembembeleza siku zote hizi hakunijibu. Wewe umemwambia nini?"

"Sikumwambia kitu," Atuganile akasema. "Nyama ikiiva, mfupa hauvutwi."