Magunia Yaliyosema Ukingoni

Hii alinisimulia bibi yangu, Bi Mwanaheri, tukipukuchua mahindi. Akianza, mikono yetu inasimama yenyewe. Basi sogeeni.

Hapo zamani, kale kweli kweli, wanyama walikuwa wakulima. Mashamba huku, soko ng'ambo ya mto. Na mwenye chelezo cha kuvushia mahindi ni mmoja tu, Kiboko. Lijitu hilo! Likipumua, pwoo! majani yanalala.

Zamani alichukua debe moja kwa kila gunia. Mwaka huo akataka nusu gunia! Anamwita mtu pembeni, peke yake, ananong'ona: "Wenzako wote wamekubali. Mbishi wewe tu."

Mtu anaona haya, anatoa, anarudi kimya. Watoto wanakunywa uji mwepesi kama maji.

Siku moja Kindi, yule mdogo wa mkia mkubwa, akasikia vifaranga vya Kanga vinalia njaa.

"Dada Kanga, kumbe hata wewe?"

"Shii! Usinitangaze. Kiboko kasema wengine wameridhika."

"Ala! Na mimi kaniambia hivyo hivyo!"

Kindi akatoka mbio, nyumba hadi nyumba.

Kesho yake, magunia yamejaa ukingoni. Kiboko akaibuka, pwoo!

"We Kindi! Umevuna yote haya?"

"Kidogo tu, Mzee. Ila nusu ni nyingi. Kanga naye kakubali?"

"Kanga? Alinishukuru kapiga magoti!"

"Mimi?" likasema gunia.

Kiboko akageuka, haoni mtu.

"Na Nguruwe?" Kindi akauliza.

"Huyo alinibembeleza nizidishe!"

"Muongo mkubwa!" likakoroma gunia jingine.

Mama yangu! Magunia yakasimama. Rraa! Rraa! Yakapasuka. Kanga, Nguruwe, Kobe, Sungura, ukingo mzima, mpaka mto hauonekani! Walikuwa wengi hivyo siku zote, ila hawajawahi kujiona.

Kiboko akarudi nyuma, kwa mara ya kwanza. "Nendeni barazani kwa mfalme Simba mkashitaki! Wazee wanaokaa naye kule ni mimi na Tembo!"

"Basi na sisi tutakaa," Kindi akasema.

Wakaenda wote. Puh! Puh! Puh! Vumbi likafunika jua. Simba mwenyewe akainuka kitini.

"Mnataka nini?"

"Kiti kimoja. Na mtu wetu tumemchagua."

Kindi akakaa, miguu inaning'inia, haigusi chini. Baraza zima likainama kumsikiliza yule mdogo.

"Debe moja," akasema.

Na Kiboko, wajukuu zangu, akachukua debe moja.

Ukificha shida yako kwa mwenzako, mkubwa atawadanganya nyote wawili.

Haya, vuteni shuka mpaka shingoni. Lalani.