Dawa ya Usingizi ya Mama Nzomo

Asubuhi hiyo Nthoki alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, mtaani Kariobangi, akikoroga uji wa watoto wanne wasiokuwa wake. Kina mama waliokwenda kazini walimwachia watoto wao mapema na kuwachukua jioni, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha tangu mumewe Maingi afariki. Macho yalikuwa yamemwiva kama nyanya. Kila mtu alipomtazama, alisingizia moshi wa jiko.

Phares, dereva wa lori la taka aliyeishi nyumba ya pili, alisimama mbele yake amenyoa ndevu, uso ukimmetameta. Alikuwa amekuja kushukuru. Mwezi mzima alikuwa akigaagaa kitandani kama samaki kwenye kikaango, mpaka Nthoki alipomkataza chai ya rangi jua likishatua. Alimwambia pia aigeuze saa yake itazame ukutani, kwa sababu anayechungulia saa usiku hulala na saa, halali na usingizi.

"Mama Nzomo, jana nimekoroma mpaka mke wangu akahamia kwa watoto," Phares alisema. "Sasa yeye ndiye asiyelala. Nitakuletea."

"Mlete tu. Lakini dawa ya kukoroma sina."

Mtaani walimwita daktari wa usingizi. Alikuwa amelea watoto wa watu miaka na mikaka, na kwao alikuwa amejifunza kwamba usingizi hauitwi kwa kelele wala haukimbizwi. Hutandikiwa mahali ukaja wenyewe kama paka. Aliyemjia na mawazo mengi alimwambia aoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, afungue dirisha kidogo, na asipande kitandani kabla macho hayajawa mazito. Aliyegombana na mtu alimwambia jambo moja tu, kwamba asilale na neno la mwenzake kifuani. Alitoe kwanza, ndipo azime taa.

Maskini, yeye mwenyewe alikuwa hapati hata lepe la usingizi, na aliona haya kusema. Nani angempelekea nguo fundi aliyevaa matambara?

Alianza kukesha siku Nzomo, mwanawe wa pekee, alipoondoka. Nzomo alikuwa ameacha masomo ya ukarani ili achonge vinyago kama babu zake wa Ukambani. Jioni moja alileta nyumbani kinyago chake cha kwanza, mwanamke aliyejitwika mtungi, akakiweka mezani. Nthoki, kwa hasira za mkizi, alikitia jikoni akapikia chakula cha jioni. Kijana hakula. Kulipokucha alikuwa ameshaenda, na baadaye zikaja habari kwamba yuko Changamwe, pwani, na wachongaji wenzake. Tangu hapo kila aliyemwita Nthoki "Mama Nzomo" alikuwa kama anayemtonesha kidonda, na mtaa mzima ulimwita hivyo kutwa kucha.

Alijaribu dawa zake zote. Chai aliiacha, miguu aliiosha mpaka ngozi ikalainika, saa aliifungia kabatini. Usingizi ulimpita mlangoni ukaenda kwa Phares.

Sasa mchana wa siku hiyo ya uji, jua lilipochomoza kidogo kutoka mawinguni, Nthoki aliegemeza kichwa ukutani apumzishe shingo. Usingizi aliokuwa akiutafuta usiku ukamvamia kama mwizi. Kahin, mmoja wa wale watoto wanne, aliyekuwa ndio kwanza ameanza kutambaa, aliona makaa yakiwaka mekundu akayafuata. Mkono wake ulikuwa umebakiza shubiri moja kuyafikia pale mama yake, Batulo, aliporudi mapema kutoka Majengo alikouza vitambaa, akamnyakua. Nthoki aliamshwa na kilio cha mtoto.

Batulo hakupiga kelele. Alimpangusa Kahin majivu magotini, akavuta kigoda akaketi.

"Tangu lini hulali?"

"Ni hili joto tu, Mama Kahin."

"Joto gani mwezi wa saba?"

Nthoki aliinamisha kichwa. Kisha, kwa sauti ndogo, akamweleza yote, kuanzia kinyago mpaka saa iliyofungiwa kabatini. Batulo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka jana nilipogombana na mume wangu, ulinipa dawa gani?"

"Ile ni ya mke na mume. Mzazi hamwombi mtoto msamaha. Kwetu jambo hilo halifanyiki."

"Hata kwetu halifanyiki," Batulo alisema. "Basi usimwombe. Msalimie. Nani amekatazwa salamu?"

Aliinuka, mtoto mgongoni. Alisema Kahin atakaa kwa dada yake mpaka Nthoki apate usingizi. "Si hasira, Mama Nzomo. Ni huyu mmoja tu niliye naye."

Aliahidi kutomwambia mtu. Hata hivyo, Nthoki alijua kwamba mtoto mmoja akiondoka, kina mama wengine huuliza kwa nini, na jibu likitoka, mlango wake utabaki bila mtoto na sufuria yake bila unga.

Siku hizo watu walisalimiana redioni. Mtu alinunua kadi ya salamu dukani, akaijaza majina ya jamaa na marafiki, akaituma isomwe hewani. Nthoki alikuwa amesikia kwamba wachongaji hufanya kazi redio ikiwa wazi tangu asubuhi. Alinunua kadi moja, akaandika jina moja na maneno machache. Mwenye duka alimcheka, ati kadi nzima kwa mtu mmoja?

"Huyo mmoja ananitosha," Nthoki alisema.

Aliitia kwenye sanduku la posta jioni hiyo hiyo. Aliporudi alijinyoosha kitandani kidogo tu, apumzike kabla ya kuwasha jiko. Alilala fofofo kama mtoto aliyeshiba maziwa. Kesho yake kina mama waligonga mlango mpaka Phares akatishia kuuvunja, ndipo alipofungua, shavu limechorwa mistari ya shuka. Batulo alipita akaona wekundu umemtoka machoni. Jumatatu alimrudisha Kahin.

Kadi ilisomwa wiki chache baadaye. Kina mama walikuwa wamekuja kuchukua watoto wao, na wote wakaigeukia redio. "Kutoka kwa Nthoki wa Kariobangi, Nairobi," mtangazaji alisema, "salamu zimwendee Nzomo Maingi, popote alipo Changamwe. Anasema kile kinyago kilikuwa kizuri."

Kisha wimbo ukapigwa. Tangu siku hiyo Nthoki alisikiliza salamu kila jioni. Zilikuja za madereva, za wauguzi, za maharusi, hata za watu wa Changamwe, lakini hakuna iliyomtaja yeye. Aliisikiliza redio mpaka mwisho, akaizima, akalala. Nzomo hakujibu. Na daktari wa mtaa mzima, aliyejua dawa ya kila aliyekesha, alikuwa amengoja muuza vitambaa aje amnyweshe ile iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe. Kweli, mganga hajigangi.